"SHAURI YAO"



Ugonjwa wa kutojali hauko kwetu tu. Waingereza husema apathy, Wafaransa apathie. Wote wamelipata neno hili kwa Wayunani, na maana yake ni kutoguswa moyoni. Wastoiko, wale waliokutana na Paulo kule Athene, walilisifu: ni mtu asiyetawaliwa na hasira wala hofu. Leo halisifiwi tena. Warusi husema ravnodushie, yaani roho iliyo sawasawa, haipandi wala haishuki. Waitalia husema menefreghismo, kutoka maneno "me ne frego", yaani "sijali kitu", ambayo wafuasi wa Mussolini, aliyetawala tangu 1922 hadi 1943, walijivunia. Wajerumani husema Gleichgültigkeit, yaani kila jambo lina thamani sawa.

Sisi twasema "shauri yao." Mkutano ukiitwa, shauri yao. Mchango ukidaiwa, shauri yao. Haya, mshahara ukipunguzwa, itakuwa shauri ya nani? Mfanyakazi akisema kila jambo ni sawa, tajiri atamwitikia upesi: na mshahara wa zamani pia ni sawa!

Ndugu, njoni mkutanoni. Ni shauri yetu.