Usizike mtaji wako ndani ya Benzi

Juzi nilipigiwa simu na shemeji yangu aliyeko Ubelgiji. Anarudi nyumbani Rwanda baada ya miaka mingi ya ugenini. Kabla hajasema atajenga wapi wala atafanya biashara gani, aliniuliza: "Shemeji, huku kuna Benzi E-Class ya mwaka 2005, imetunzwa vizuri, bei yake ni ya kutupa. Niilete?"

Nilimwomba siku mbili za kufikiri. Jibu nililompa ndilo ninaloliandika leo, kwa sababu najua hayuko peke yake. Wafanyabiashara wa Rusumo na Gatuna nao, msimu ukiwa mzuri, hutafuta gari la heshima. Sina ugomvi na heshima. Mtu aliyehangaika ugenini ana haki ya kutaka majirani waone kwamba hakupoteza miaka yake bure. Lakini wahenga walisema, kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Gari la kifahari linapokufuata kwa bei ya chee, huna budi kujiuliza linamkimbia nani.

E-Class anayoisema shemeji ni ile ambayo mafundi huiita W211, iliyotengenezwa kati ya 2002 na 2009. Ni gari zuri, na zile za dizeli zilifanya kazi ya teksi huko Ujerumani kwa miaka mingi. Tatizo ni kwamba bei ya gari imeshuka lakini bei ya spea haikushuka nayo. Mwenye gari amebadilika, spea bado ni za tajiri yule wa kwanza.

Tuanze na breki. Magari hayo yaliyotengenezwa kabla ya mabadiliko ya mwaka 2006 yana breki za umeme ziitwazo SBC. Ukikanyaga, kompyuta ndiyo inayoamua nguvu ya kushika. Pampu yake huhesabu kila mara unapokanyaga, na hesabu ikikaribia 300,000 maandishi mekundu hutokea kukutaka uende gereji. Mfumo ukizima, zinabaki breki za magurudumu ya mbele peke yake, tena kwa kukanyaga kwa nguvu zako zote. Mei 2004 kampuni iliyarudisha magari 680,000 kukaguliwa kwa sababu ya breki hizo, na mwaka 2005 ikayaita mengine milioni 1.3 kwa kasoro za umeme na za breki. Hatimaye iliziondoa kabisa. Sasa fikiria pampu hiyo ikifika mwisho wa hesabu yake ukiwa unateremka milima ya kwetu.

Pili ni hewa. Baadhi ya magari hayo hayana springi za chuma bali mifuko ya mpira iliyojazwa hewa. Mpira huzeeka na kupasuka nyufa hata kama gari halitembei. Hewa ikivuja, kompresa hufanya kazi bila kupumzika mpaka iungue. Hapo mtu aliyekuwa na tatizo moja anakuwa na mawili, na asubuhi hulikuta gari limelala chini kama ngamia.

Tatu ni injini. Zile za V6 za petroli zilizoanza kutoka mwaka 2004, aina ya M272, zina gia ndogo ambayo kwa matoleo ya mwanzo meno yake hulika mapema. Gia yenyewe ni ndogo, lakini kuifikia ni lazima injini ishushwe. Malipo ya fundi huizidi mbali spea yenyewe. Na hapa simzungumzii fundi wa chini ya mwembe, namaanisha mwenye kompyuta ya kusoma gari hilo. Wako wangapi katika mji wako?

Mimi nayasema haya nikiwa nimekwisha kuungua. Miaka ya nyuma nilinunua gari la kifahari kwa dalali, na chapa yake nitaisitiri. Siku ya kulijaribu, taa zote za onyo zilikuwa zimezima na kiti kilininong'oneza kwamba nimekuwa mkubwa. Kabla ya kufika nyumbani, taa ya injini iliwaka. Baadaye fundi alinieleza kwamba kasoro zilifutwa kwa kompyuta asubuhi ileile, nazo hurudi baada ya mwendo fulani. Wiki ya tatu gari liliinama upande mmoja kwenye foleni ya mpakani, malori yakinipigia honi nyuma. Fedha niliyoitoa kulisimamisha ilikuwa imetengwa kununua mchele. Msimu ule sikuuza kitu. Mke wangu hakunilaumu, na ukimya wake uliniuma kuliko lawama.

Kuna na hesabu ya forodha. Ushuru haupigwi kwenye bei ya gari tu, bali kwenye bei pamoja na nauli ya meli na bima. Juu yake inakuja VAT, ambayo Rwanda na Uganda ni 18%, nayo hupigwa baada ya ushuru kuongezwa. Injini kubwa nayo hutozwa zaidi. Tuseme gari ni dola 4,000 na nauli na bima ni 1,500. Unaanza kutozwa kwenye 5,500, si kwenye 4,000.

Wapo wanaojifariji kwamba gari likiwashinda wataliuza ng'ambo ya mpaka. Waulize tena. Kenya haipokei gari lililozidi miaka minane. Uganda, kwa sheria ya mwaka 2018, ilifunga mlango kwa yenye miaka 15 na zaidi, na W211 ya mwisho ilitoka 2009. Usukani nao una neno. Gari la Ubelgiji lina usukani wa kushoto. Linafaa Rwanda, Burundi na Congo, lakini ukivuka kuingia Tanzania utashindwa kuona mbele unapotaka kulipita lori. Naye anayevutiwa na gari rahisi la usukani wa kulia kutoka Dar es Salaam akumbuke kwamba Rwanda ilizuia kuyaingiza tangu mwaka 2005.

Simwambii mtu asinunue. Nasema apime kwanza. Washa gari bila kuliwasha moto, uone taa zote za onyo zinawaka kisha zinazima. Isiyowaka kabisa huenda imefichwa. Liache usiku kucha, asubuhi upime urefu wake kila upande. Mlipe fundi wako mwenyewe, asiye rafiki wa dalali, alisome kwa kompyuta. Kisha tenga fedha ya matengenezo ya mwaka wa kwanza, na kama huna, gari hilo si lako bado.

Kwa wenye mamlaka nina ombi moja. Ukaguzi tunaoujua humkuta mwenye gari akiwa amekwisha kulipa. Ni vema muuzaji wa gari kuukuu alazimike kumpa mnunuzi cheti kipya cha ukaguzi kabla ya kupokea hata senti. Gari lenye breki mbovu halimuui mwenye nalo peke yake.

Shemeji alinyamaza kidogo, kisha akaniuliza gari gani basi. Nikamwambia achague lile ambalo spea zake zinauzwa sokoni kwetu na kila fundi amekwisha kulifungua, na dola zitakazobaki azipeleke kwenye duka. Akacheka, akasema mkewe alimwambia hivyohivyo mwezi uliopita.