Mikasi ya shaba ya kukata DNA: dawa ya kansa au stori za maabara?

Leo siasa naziweka pembeni kidogo.

Kila baada ya muda inarudi habari ileile kwenye simu zetu: wataalamu wametengeneza kitu cha shaba kinachokata DNA ya kansa. Hapa Ng'ambo, Tabora, habari kama hiyo haipiti hivihivi. Wazee wengi wanavaa bangili za shaba kwa ajili ya maumivu ya viungo. Na shaba tunaijua tangu zamani. Karne ya 19 wafanyabiashara wa Kinyamwezi waliifuata mpaka Katanga, na mmoja wao, Msiri, akaishia kuwa mtawala kulekule. Sasa mgonjwa akisikia "shaba inaua kansa", si ajabu akaacha kwenda hospitali. Ndo maana nasema tuichambue.

Kwanza tuelewane. DNA ni uzi wenye maelekezo yote ya seli. Mwili una vimeng'enya vyake vya kuukata na kuuunga uzi huo. Vile vya kutengenezwa ni molekuli ndogo za maabara zenye madini katikati, kama shaba, chuma au zinki. Mwaka 1979 David Sigman na wenzake kule Los Angeles walionyesha kuwa shaba ikishikwa na kemikali iitwayo fenanthrolini inakata DNA. Inatumia oksijeni kuzalisha chembe kali zinazouvunja uzi. Seli ikikatwa uzi wake sehemu nyingi kuliko inavyoweza kuunga, inakufa. Bangili ya mzee haina ujanja huo, jamani.

Tatizo ni kwamba mkasi huo hauna macho. Unakata DNA ya kansa, unakata na ya seli nzima. Ndo maana toka 1979 mpaka leo mikasi mingi ya aina hii imebaki maabara. Kule Mexico kuna dawa za shaba ziitwazo Casiopeina, alizozianzisha Lena Ruiz-Azuara, ambazo zimefika hatua za mwanzo za kujaribiwa kwa binadamu. Hatua za mwanzo, siyo duka la dawa!

Lakini msidhani wazo lenyewe ni la kufikirika. Kuna mkasi wa asili tunao hapa Afrika Mashariki miaka mingi: bleomisini. Wajapani wakiongozwa na Hamao Umezawa waliitangaza mwaka 1966, baada ya kuipata kwa bakteria wa udongoni. Ikiingia mwilini inashika chuma, halafu inakata DNA. Ikichanganywa na vinkristini imetumika sana kutibu Kaposi, ile kansa ya ngozi inayowapata hasa wenye Ukimwi. Haiachi salama bure, inaweza kuharibu mapafu.

Sasa hapa ndo penye hoja yangu. Mchanganyiko huo ulitumika kwetu kwa sababu ulikuwa unapatikana na unamudika. Je, ulikuwa bora? Jibu lilikuja mwaka 2020, baada ya wagonjwa zaidi ya 300 wa Kaposi waliokuwa wanatumia ARV kujaribiwa dawa tofauti. Paklitaxeli iliushinda. Wagonjwa hao walitoka Kenya, Uganda, Malawi, Zimbabwe, Afrika Kusini na Brazil. Majirani zetu watatu wamo, Tanzania haimo.

Mnaona? Kukata DNA kwenye chupa hakutoshi, na hata dawa iliyozoeleka inaweza kupitwa ikipimwa vizuri. Mwaka 2011 maelfu walipanga foleni Loliondo kwa kikombe cha shilingi 500, na wapo walioacha dawa za hospitali. Walichokosa hakikuwa imani. Walikosa mtu wa kuwauliza: imepimwa kwa nani, wangapi, ikalinganishwa na nini?

Maswali hayohayo tuyaulize kwa mikasi ya shaba. Ukiona kichwa cha habari kinasema "yaangamiza kansa", tafuta kama ni kwenye chupa, panya au binadamu. Na serikali tuibane kwa lingine: majaribio makubwa ya magonjwa yanayotumaliza yafanyike na kwetu, kwa usimamizi wa kweli. Mgonjwa wa kansa wa Tabora bado anafunga safari ya Bugando, Mwanza, au Ocean Road, Dar. Akifika huko, apewe dawa iliyothibitika kwa watu kama yeye, siyo iliyopo tu kwa sababu ni rahisi.

Mwenye ndugu anayetibiwa, asimwachishe dawa kwa sababu ya meseji ya kutumiana. Nimemaliza. Wadau mnasemaje?