Fundi Naye Akae Mezani

Jumamosi ya tarehe 22 Mei 2021, jioni ilipoingia, anga ya Kibati, kaskazini mwa mji wa Goma nchini Kongo, iligeuka nyekundu. Sisi tunaoishi chini ya volkano ya Nyiragongo tumezoea kuuona wekundu kileleni usiku, kwa hiyo wengine hawakushtuka mpaka walipoona kwamba moto hauko juu tena. Ulikuwa umeupasua ubavu wa mlima na unateremka. Watu walibeba watoto, magodoro na mbuzi. Nilimwona mwenye chukudu, baiskeli ya mbao ya kubebea mizigo, ameangusha mizigo yake yote barabarani ili mama yake mzee apate pa kukaa. Na kila mmoja alikuwa na swali moja: moto unapita wapi?

Nilikuwa na redio ndogo ya betri. Stesheni moja ilipiga muziki. Nyingine ilisema mlima uliolipuka ni Nyamulagira, volkano ya jirani. Nyingine ikatangaza habari ambayo, nilikuja kuambiwa baadaye, ilitoka kwenye picha iliyokuwa ikizunguka katika simu, picha ya mlipuko wa Januari 2002. Katika stesheni hiyo kulikuwa na kijana fundi wa kompyuta. Aliitambua picha ile kuwa ya zamani mara tu alipoiona. Alikuwa pia amepokea simu za jamaa zake zilizomweleza hasa mahali lava ilipoikata barabara ya Rutshuru. Hakusema neno, kwa sababu hakuna aliyemuuliza. Kazi yake, alivyoelezwa siku alipoajiriwa, ni kuhakikisha sauti haikatiki.

Lava ilisimama Buhene, karibu kabisa na uwanja wa ndege wa Goma. Watu zaidi ya 30 walipoteza maisha. Sisemi redio ingewaokoa wote. Nasema watu wale walistahili kuambiwa kile ambacho mtu mmoja ndani ya stesheni ile alikuwa anakijua.

Ndugu zangu wakurugenzi na wahariri wakuu, nawaandikia kwa heshima, lakini sitawaficha. Mnamwita fundi pale antena inapoanguka, na mnamsahau pale habari inapopangwa. Kikao cha asubuhi kina mhariri, watangazaji, mtu wa matangazo ya biashara, hata dereva hupita kusalimia. Fundi yuko nje, anasafisha vichwa vya betri za sola. Halafu tunashangaa uvumi wa WhatsApp unatushinda mbio.

Tazameni jambo hili moja. Kituo cha kuchunguza volkano cha Goma, OVG, kilikuwa na mitambo ya kupimia mitetemeko milimani. Ufadhili wa Benki ya Dunia ulikwisha mwaka 2020, na kwa miezi kadhaa kituo kikakosa hata intaneti ya kupokelea vipimo kutoka vituo vya mbali. Wengi wetu tuliyajua hayo baada ya nyumba kuungua. Je, kama mhariri mmoja tu mjini angekuwa na desturi ya kukaa na fundi wake kila wiki, wakatazama vipimo vya mlima vinavyoingia, wasingegundua mapema kwamba haviingii? Mtambo ukinyamaza, hiyo nayo ni habari. Fundi ndiye anayekisikia kimya hicho, na mhariri ndiye anayejua mlango wa kwenda kubisha.

Wako waliokwisha kuonyesha njia, na hawako mbali. Kenya ilipochafuka baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, Ory Okolloh, mwanasheria aliyekuwa akiandika habari kwenye intaneti, aliomba wenye ujuzi wa kompyuta wamsaidie kuweka matukio ya vurugu kwenye ramani. David Kobia, Juliana Rotich na Erik Hersman wakaitikia, na kwa siku chache tu ramani ya Ushahidi ikazaliwa. Kabla mwaka 2008 haujaisha, ramani kama hiyo ilifunguliwa kwa ajili ya vita vya huku kwetu Kivu ya Kaskazini. Wakati huohuo Kibati ilikuwa imejaa maelfu kwa maelfu ya waliokimbia mapigano, wamelala chini ya mahema ya plastiki juu ya mawe makali ya lava. Mimi nilipita katika kambi zile karibu kila siku na sikuwahi kusikia kwamba ramani hiyo ipo. Walioitengeneza walifanya kazi njema. Lakini ramani ilikaa kwenye kompyuta, na mkimbizi alikuwa na redio mkononi. Kati ya hivyo viwili palihitajika mhariri na fundi walioketi pamoja.

Nairobi walilielewa hilo. Mwaka 2012 mpango wa Code for Kenya uliwapeleka wataalamu wa programu wakae ndani ya vyumba vya habari vyenyewe. Gazeti la The Star likapata hapo njia ya msomaji kuhakikisha kama daktari anayemtibu amesajiliwa.

Msiniambie sisi ni maskini. FrontlineSMS, programu aliyoibuni Ken Banks mwaka 2005, ilihitaji kompyuta moja na simu moja tu, bila intaneti, na kwa vifaa hivyo iliweza kupokea na kutuma meseji kwa mamia ya watu. Fundi wa hapa Goma anaweza kuwatengenezea kitu cha namna hiyo: mama wa Kibati atume meseji akisikia ardhi inatikisika, naye apokee rangi inayoonyesha kiwango cha tahadhari ya mlima bila kununua mega za intaneti.

Kuna pia jambo la damu. Serge Maheshe aliuawa Bukavu mwaka 2007, na Didace Namujimbo mwaka 2008, wote waandishi wa Redio Okapi. Tunaofanya kazi hii tunajua tunatembea juu ya nini. Simu ya mwandishi ikikamatwa kizuizini leo, majina ya waliomwamini yamo humo. Ni fundi anayejua kuyafunga yasisomeke, na hawezi kuyafunga kama haambiwi kwamba safari ya mwandishi imepangwa.

Nanyi vijana mafundi, msijifiche nyuma ya maneno ya kompyuta. Mhariri aliyekomaa katika kazi hii anajua mambo ambayo mashine haitawafundisha: nani anasema kweli, jina gani lisitajwe, habari ipi ingoje hata kama iko tayari. Mwelezeeni kwa Kiswahili cha nyumbani, na akikataa leo, mrudieni kesho.

Kikao cha asubuhi huanza kabla ya habari za saa moja. Ndugu mhariri mkuu, kesho ongeza kiti kimoja, na kabla hujagawa kazi za siku, muulize atakayekikalia: vipimo vya mlima vimeingia?