"Mgeni Arudi Kwao"?

Wako watu, hata hapa Uvira, wasemao: "Babu zetu walikaa kila mtu na kilima chake. Kuchanganyika ndiko kulikotuharibia nchi. Mgeni arudi kwao." Maneno hayo ni uongo, na Mkristu asiyakubali.

Ndugu msomaji, tazama sahani yako. Asili ya ndizi ni Asia. Mihogo itupayo bugali na sombe ilitoka Amerika. Wareno waliileta Afrika baada ya mwaka 1500, ikapita mkono kwa mkono hadi kwetu. Na chumvi? Kule Uvinza, mashariki ya ziwa, watu walikuwa wakichemsha maji ya chumvi zaidi ya miaka 1,000 iliyopita. Asiyekuwa na chumvi kwake aliitafuta kwa jirani.

Burton na Speke walipofika Uvira mwaka 1858, hawakukuta watu waliojifungia. Burton aliandika kwamba wafanya biashara walipapenda kwa sababu vitu vilikuwa rahisi: pembe, nafaka, nguo za magome ya miti, vyombo vya chuma. Basi, babu zetu hawakupokea tu. Walitoa pia kazi ya mikono yao.

Lakini tusifiche ubaya. Katika orodha ile ile Burton alitaja watumwa. Mtu atasema: "Waona? Njia ile ndiyo iliyoleta maovu!" Namjibu: njia haikumfunga mtu mnyororo. Aliyemfunga ni yule aliyemhesabu jirani yake kuwa si mtu. Na moyo huo huo ndio unaosema leo, "Mgeni arudi kwao."

Hata Injili ilipita njia hiyo. Mapadre Weupe walitoka Bagamoyo mwaka 1878, wakafuata njia ya misafara, wakafika Ujiji Januari 1879. Na Kiswahili hiki tunachosalia kililetwa na wachuuzi na wapagazi, watu wenye vumbi miguuni. Kama wangalifukuzwa wote, leo tungalisali kwa lugha gani pamoja?

Kesho sokoni utamkuta mama aliyetoka ng'ambo ya Rusizi, au aliyeshuka milimani, ametandaza bidhaa zake. Mpimie kwa haki, mlipe bei yake, usimtukane kabila lake. Ukimfukuza yeye, anza kwanza kuitupa chumvi iliyo chunguni mwako.