Maniema: Maneno ya barua za ofisi yanavyochosha wafanyakazi wa Salamabila

Mwezi wa Septemba 2019, kampuni ya Banro, yenye asili ya Kanada, ilisimamisha kazi kwenye mgodi wake wa dhahabu wa Namoya, karibu na Salamabila, wilayani Kabambare, kusini mwa jimbo la Maniema. Usalama ulikuwa umeharibika sana. Julai ya mwaka huo, wafanyakazi wanne wa mgodi walitekwa nyara na watu wenye silaha. Ili kueleza uamuzi wake, kampuni ilitumia maneno mawili ya Kifaransa: « force majeure ».

Kwa mwanasheria, maneno hayo yana maana kamili: tukio ambalo mtu hakuweza kulitazamia wala kulizuia. Sheria ya kazi ya mwaka 2002 inalihesabu kati ya sababu zinazoweza kusimamisha mkataba. Lakini fundi wa mashine au mpishi wa kambi, anayesomewa ujumbe wa namna hiyo kwenye simu ya mwenzake, hasikii sheria. Yakitafsiriwa neno kwa neno, yanakuwa « nguvu kubwa ». Na swali la kwanza ni: nguvu ya nani? Mahali ambako kuna jeshi, kuna Mai-Mai Malaika, na kuna kampuni yenyewe, swali hilo si la mzaha. La pili na la tatu ni rahisi zaidi: mshahara utalipwa? Kazi itarudi lini? Maneno mawili yale hayagusi hata moja.

Kuchoshwa na maneno ya ofisi si ugonjwa wa Maniema peke yake. Mwaka 2018, kampuni ya Adobe iliwauliza wafanyakazi wa Marekani ni sentensi gani ya barua pepe inayowaudhi kuliko zote. Iliyoongoza ni ile ya kusema « sijui kama uliona ujumbe wangu wa mwisho ». Kule, mtu anakasirika kwa sababu anahisi mwenzake anamsukuma. Huku kwetu hasira inatoka upande mwingine. Anayesukuma ni mdogo, na mkubwa anajibu kwa sentensi isiyo na mtu ndani yake.

« Votre dossier est en cours de traitement. » Kila aliyewahi kudai malipo ya mwisho wa kazi, iwe kwa kampuni, kwa shirika au kwa serikali, anaijua. Faili inashughulikiwa. Na nani? Haisemi. Tangu siku gani, na mpaka lini? Haisemi pia. Yanafuata « dans les meilleurs délais » na « incessamment », ambayo kwa Kiswahili yote yanarudi kuwa « hivi karibuni ». Mtu mwenye watoto wanaofukuzwa shule kwa ajili ya pesa anayapima maneno hayo kwa wiki na kwa miezi, na baada ya barua ya tatu anaelewa kwamba « hivi karibuni » ni namna ya adabu ya kumwambia anyamaze.

Ukweli ni kwamba wafanyakazi nao wanaandika hivyo hivyo. Barua ya kudai mishahara ya miezi mingi inaanza na heshima ya « kuja mbele ya utu wako mkuu », halafu inaomba jambo « dont l'objet est repris en marge », yaani lililoandikwa pembeni. Pembeni kweli! Jambo lenyewe, pesa, linakaa kwenye kona ya karatasi, na katikati panajaa salamu. Mtindo huu ni urithi wa ofisi za wakati wa Wabelgiji, na makarani wamefundishana mpaka leo. Kompyuta imebadilisha karatasi tu.

Kuna sehemu moja ya barua hizo ambayo haichoshi mtu, kwa sababu inatisha: orodha ya nakala. Mfanyakazi anaandika kwa mkuu wake, na jibu linarudi likiwa na nakala kwa msimamizi wa wilaya, kwa mkaguzi wa kazi, pengine hata kwa idara ya upelelezi, ANR. Chini yake imeandikwa « pour information », kwa taarifa. Aliyeipokea anaelewa vizuri ni taarifa gani, na mara nyingi barua yake ya pili haiandikwi.

Haki inadai kusema upande wa karani pia. Kwenye eneo lenye watu wenye silaha, ofisi haiwezi kutangaza kila kitu: siku ambayo magari yatapita, au siku ambayo pesa za mishahara zitafika. Na karani mdogo akiandika tarehe, kesho atashikwa nayo. Maneno matupu yanamlinda. Lakini kuficha njia ya gari ni jambo moja. Kukataa kusema jina la mtu anayeshika faili ni jambo lingine, ambalo halihusiani na usalama wowote.

Tatizo hili haliishii kwa wafanyakazi. Tangu Sheria ya madini ilivyorekebishwa Machi 2018, kampuni ya uchimbaji inapaswa kutia sahihi na wakaaji hati ya ahadi zake, « cahier des charges », na kutenga angalau asilimia 0.3 ya mapato ya mauzo kwa miradi yao. Hizo ni namba, na namba zinaulizika. Ndiyo sababu majibu yanayosema tu kwamba kampuni « imechukua kumbukumbu nzuri » ya malalamiko yanawaudhi watu wa vijiji vya madini: wao wameuliza daraja au kituo cha afya kimefikia wapi, na wanajibiwa kwamba swali lao limeandikwa.

Katiba ya 2006 inaweka Kifaransa kuwa lugha rasmi na Kiswahili kati ya lugha nne za taifa. Hakuna kifungu kinachokataza barua ya kusimamisha kazi kuwa na ukurasa wa pili wa Kiswahili, wenye tarehe ya mkutano unaofuata, jina la wa kuuliza, na jibu la ndiyo au hapana kuhusu mshahara wa mwezi.