Fishi ya mupakani: tuandike kweli, na wakubwa waisome

Kila siku watu wa Lubumbashi wanashuka Kasumbalesa, kilometa karibu 90, kwenda kutafuta maisha upande wa Zambia. Mama anafuata bunga ya bukari, kijana anaenda kumuona ndugu yake Kitwe, dreva anangoja na kamyo yake ya shaba. Wengine wanapanda ndege pa Luano. Atakayevuka mupaka kwa njia ya halali, leo ao kesho atakutana na yale maulizo: jina lako nani, ulizaliwa lini, paspoti yako nimero gani, unaenda kulala wapi, unakuya kufanya nini. Na wengi wetu tunajibu mbio mbio, juu tunaona fishi kama karatasi ya bure, ao mutego wa kukamulia raia makuta.

Sisi tunasema: fishi ile iko na kazi. Na mutu mwenye kujua kazi yake hawezi kudanganywa nayo.

Kazi ya kwanza ni kuonyesha nani ameingia, siku gani, na atakuwa wapi. Hiyo inasaidia inchi inayokupokea, lakini inakusaidia na wewe. Siku jamaa inasema “tangu alivuka, telefone yake haipite tena”, pa kuanzia kutafuta ni pale ulipoandika unaenda kulala. Na siku polisi anakuuliza umekaa muda gani, tampo ya siku uliyoingia njo shahidi wako. Aliyepita njia ya porini hana shahidi.

Kazi ya pili ni afya. Mwisho wa mwaka 2023 na mwanzo wa 2024, kolera iliua watu zaidi ya 700 mu Zambia. Ugonjwa hauonyeshe paspoti. Kama mugonjwa alilala mu nyumba fulani kisha akavuka, waganga wanapashwa kujua nyumba ile haraka, wafikie wale waliokula na kunywa pamoja naye. Anwani ya uongo kwenye fishi inaweza kuua mutoto wa jirani.

Kazi ya tatu ni hesabu. Inchi isiyojua watu wangapi wanavuka, na wanavuka juu ya nini, haiwezi kupanga kitu. Mama wa biashara ndogo anaandika “visite” kwa sababu mutu alimunongoneza: “Andika vile tu, itapita.” Akiandika vile, kwa hesabu ya leta yeye haiko mufanya biashara. Sasa nani atajenga robine, choo na pa kulala kwa ajili ya mufanya biashara asiyeonekana? Tena siku watamukuta na mizigo, lile neno “visite” litageuka deni lake mwenyewe.

Tusichanganye mambo pia. Fishi haiko viza. Haikupe ruhusa ya kutumika kazi. Haiko karatasi ya duane: mizigo iko na karatasi zake. Ni jibu la mugeni kwa mwenye nyumba, basi.

Lakini mwenye nyumba naye iko na sheria. Tangu mapatano ya Chicago ya mwaka 1944, inchi zilikubaliana kupunguza usumbufu wa wasafiri wa ndege, na kisha zikapanga mufano wa fishi fupi ya kuingia, ili kila inchi isizidishe maulizo ovyo. Na wakati ordinatere zilianza kusoma paspoti zenyewe, wengine waliacha karatasi: Marekani iliacha kuijazisha wasafiri wa ndege mwaka 2013, Uingereza ikafuata mwaka 2019. Fundisho ni moja: ulizo ambalo jibu lake unalo tayari, usiliulize mara ya pili.

Tuangalie karte ya manjano, ile ya chanjo. Tangu tarehe 11/07/2016, kwa sheria ya afya ya dunia nzima, chanjo ya homa ya manjano inatosha kwa maisha yote, hata kama karte ni ya zamani. Miaka kumi ilikwisha kufutwa. Basi musafiri akiambiwa “karte yako imeisha, toa kitu kidogo”, pale afya haiko tena mu mazungumuzo. Karatasi iliyowekwa kulinda watu imegeuka shamba la mutu mumoja.

Na tusishangae kama watu wetu wanaogopa karatasi. Wazee wanakumbuka wakati wa Wabeleji, mutu mweusi hakuweza kuacha kijiji chake kwenda kukaa Elisabethville bila kupewa passeport de mutation. Karatasi ile haikumulinda; ilimufunga. Woga ule tuliurizi. Hauwezi kutoka kwa matisho. Utatoka siku raia ataona kwamba alichoandika kimemusaidia.

Kwa hiyo tunaomba wakubwa wa pande zote mbili za mupaka mambo manne. Fishi iwe ya bure, na neno hilo liandikwe kwa herufi kubwa pa dirisha. Iwe kwa Kifaransa na kwa Kiswahili upande wetu, na upande wa pili kwa luga ambayo mama wa soko anasikia. Asiyejua kuandika apate mutu wa kumusaidia bila kumulipa. Na kila feza halali inayolipwa mupakani itoke na risiti. Congo iko pamoja na Zambia mu SADC na COMESA, na tangu 2022 imeingia pia mu Jumuiya ya Afrika Mashariki. Kusinya mapatano makubwa kwenye hoteli ni vizuri, lakini raia anayapima pale pa dirisha, na kalamu mukononi.

Kwetu sisi raia, tunaomba moja tu: tuandike kweli. Jina lile la paspoti, nyumba ile tutakayolala, kazi ile tunayoendea. Tusome mbele ya kutia mukono, na tuhesabu siku walizotupa pa tampo. Aliyeandika kweli anaweza kusimama pa dirisha na kuuliza: “Shefu, na hii feza, ni ya nini?” Aliyeandika uongo atanyamaza, na atalipa.