Gari langu na viatu vya baba

Wale mliokuwa mnaniuliza mtaani lile Escudo langu jeusi limepatwa na nini mpaka limerudi kuwa fupi, leo nawapa mkanda mzima. Ila nawaomba msicheke kwanza. Chekeni mwishoni, maana hata mimi siku hizi nacheka, ingawa siku yenyewe nilikuwa nimekaa juu ya jiwe kando ya barabara ya kwenda Lushoto, mikono imejaa grisi, na suti ya posa imekunjwa kwenye siti ya nyuma.

Mambo yalianzia kijiweni Sinza, mwaka 2023. Mshikaji mmoja alikuja na simu ina video za vile vigari vya Marekani vya kuchezea porini na jangwani, vile ambavyo dereva na abiria wake wanakaa ubavu kwa ubavu, havina vioo wala milango ya maana, vyuma tu vimezunguka juu ya kichwa. Kimojawapo kinaitwa Polaris RZR. Jamani! Kigari kinapanda mwamba kama mjusi anavyopanda ukuta. Na kila kilichokuwa bomba zaidi ya chenzake, ukikiangalia vizuri unakuta mwenyewe kavua matairi ya kiwandani, kavalisha makubwa zaidi.

Tukaangalia mpaka kahawa ikapoa. Nilipoinua macho, nikaliona gari langu limepaki chini ya mwembe. Bwana wee, lilionekana kama kuku aliyenyeshewa.

Sasa nisiwafiche, nilikuwa na milioni moja na laki nne kwenye simu. Pesa hiyo ilikuwa na kazi yake. Fundi wangu alishaniambia mara mbili kuwa klachi imechoka na pedi za breki zimebaki kama karatasi. Halafu mwezi uliofuata ilikuwa niwapeleke wazee wangu Lushoto kupeleka posa kwa kina mchumba wangu. Niwabebe mwenyewe, kwa gari langu mwenyewe. Kijana wa mjini uende ukweni na gari lenye miguu ya kuku? Nikasema hiyo haipo.

Nikaenda Ilala. Kwanza nikaonyeshwa rimu zilizotoka kwenye Prado, zinang'aa mpaka unaona meno yako. Bahati nzuri au mbaya, zile zina matundu sita na gari langu lina matano, haziingii hata kwa dua. Tukatafuta mpaka tukapata za matundu matano, inchi 15, upana inchi 8, na juu yake matairi ya 31 kwa 10.5, meno yake kama ya mamba. Pesa yote ikaondoka, nikabaki na ya mafuta.

Fundi wangu akayaangalia matairi, akaniangalia mimi.

"Mdogo wangu," akasema, "haya ukitaka yakae vizuri inabidi tulinyanyue gari kwenye springi kama inchi 2, tuweke klachi mpya, tufunge na breki. Hizi gia zimepigiwa hesabu ya tairi dogo."

"Kaka, we kata madigadi tu. Mengine tutaongea nikirudi ukweni."

Akacheka, akawasha grinda.

Wiki ile nilikula sifa, acha kabisa. Watoto mtaani walikuwa wanalikimbilia. Washkaji wakaanza kuniita mheshimiwa. Ni kweli gari lilikuwa zito kidogo kuondoka, na gia ya tano ikawa kama pambo, ukiitia tu injini inakohoa. Nikajisemea ni mafuta mabaya hayo. Mtu akishalewa sifa huwa hasikii injini.

Siku ya safari ikafika. Tuliondoka Dar alfajiri, tuko watano. Mbele kakaa baba mdogo, mzee aliyeendesha malori miaka mingi kabla hajastaafu. Nyuma yuko mshenga, shangazi yangu, na binamu yangu mmoja wa kubeba vitu. Shangazi alipofika mlangoni akasimama, akalitazama gari kutoka chini kwenda juu.

"Mwanangu, hapa napanda gari au napanda mnazi?"

Ikabidi kiletwe kigoda. Watu wanacheka, mimi najiona mjanja.

Tulipofika Mlandizi, kwenye kibao cha 50, nikapunguza mwendo kwa adabu zote, mshale umetulia pale pale kwenye 50. Mara trafiki huyo, mkono juu. Akaniambia nimekuja na 56. Nikaruka. Baba mdogo naye akatoa kichwa dirishani.

"Afande, mtoto hakuvuka hamsini. Mimi nilikuwa naangalia mshale kwa macho yangu haya."

Afande hakubishana naye. Alitugeuzia tochi tukaona picha ya gari letu na tarakimu chini yake, kisha akainama akayaangalia matairi, akatabasamu. Faini 30,000. Nikalipa, tukaondoka kimya kimya.

Baba mdogo ndiye aliyevunja ukimya, tuko karibu na Chalinze. "Hiyo saa yako ya spidi haioni barabara," akaniambia. "Inahesabu mizunguko tu. Umelibadilishia mguu, ila hujaiambia."

Baadaye nilikaa na kalamu nikapiga hesabu, na nanyi pigeni pamoja nami, si ngumu. Tairi langu la zamani liliandikwa 195/80 R15. Maana yake upana wake ni milimita 195, na kimo cha ubavu wake ni asilimia 80 ya huo upana, yaani 156. Ubavu wa juu na wa chini, 312. Ongeza rimu ya inchi 15, ambayo ni milimita 381. Jumla tairi lina kimo cha milimita 693. Lile jipya la inchi 31 ni kama milimita 787. Limezidi kwa zaidi ya asilimia 13! Kwa hiyo nikiona 50, kwa hesabu hiyo naenda karibu 57, na nikiona 80 naenda kama 91. Tochi ilinipa 56 kwa sababu kwa kawaida saa za kiwandani zinazidisha kidogo, na hiyo ndiyo huruma pekee niliyopata siku ile.

Na ule urefu niliokuwa najivunia? Gari linanyanyuka kwa nusu tu ya hiyo tofauti, kwa sababu nusu nyingine iko juu ya ekseli. Milimita 47. Haifiki hata sentimita 5. Milioni moja na laki nne, jamani, kwa sentimita 5!

Lakini hayo yote yalikuwa rasharasha. Mvua yenyewe ilikuwa Mombo.

Aliyewahi kupanda kutoka Mombo kwenda Lushoto anaijua ile barabara. Kama kilomita 33 hivi, lami nzuri, ila inapanda na kujikunja kama nyoka, mkono mmoja mwamba na mkono wa pili bonde. Dar nilikuwa naendesha peke yangu, barabara tambarare. Sasa gari limejaa watu watano na mizigo ya posa, limekaa chini. Kona ya kwanza nikasikia krrrr! Kona ya pili, krrrr!

"Kijana, gari lako linasaga meno," akasema baba mdogo.

Ni tairi la mbele lilikuwa linakula madigadi kila nikikata usukani hadi mwisho. Nikasema tutafika tu. Nikazidi kukanyaga. Injini yenyewe ni ya 1600, na tairi likiwa kubwa ni sawa na kubadilishiwa gia zote ziwe nzito. Mzunguko mmoja unakwenda mbali zaidi, lakini injini inautolea jasho zaidi. Anayebeba mzigo huo wa kwanza ni klachi. Na yangu, mnakumbuka, ilikuwa imechoka tangu Dar.

Hata maporomoko ya Soni hatujayafikia, harufu ikaanza. Shangazi akauliza nani kachoma nywele. Hakuna aliyemjibu. Nikafika kwenye kona moja kali, basi linashuka linapiga honi, nikakata usukani kushoto, tairi likashika madigadi, usukani ukagoma. Basi likapita, sijui kwa sentimita ngapi, niliona tu uso wa dereva wake. Kufuata gari lipande, klachi ikaachia. Injini inalia, gari haliendi. Halafu likaanza kurudi nyuma.

Nikakanyaga breki. Ikashika, ila kwa uvivu. Ngoja niwaeleze kwa nini, maana hili ndilo la kushika. Jaribu kuuzuia mlango unaofungwa na upepo. Ukiushika kwenye ukingo, mkono mmoja unatosha. Ukiushika karibu na bawaba, utatumia nguvu zako zote. Breki inashika karibu na bawaba, katikati ya gurudumu. Ukiongeza ukubwa wa tairi, barabara inazidi kuwa mbali na pale breki inaposhika, ila breki yenyewe haijaongezeka kitu. Mimi nilikuwa na breki ndogo, tena pedi zake karatasi, na tairi zito ambalo kulinyanyua peke yangu ni shughuli.

Baba mdogo hakusema neno. Alivuta hendibreki kwa mikono miwili. Binamu akaruka nje, akasukumia jiwe nyuma ya tairi. Likasimama. Nyuma yetu, hatua chache tu, lami ilikuwa inaishia na bonde linaanza. Nilimsikia shangazi anasali kwa sauti ya chini, na katika sala ile jina langu lilikuwemo. Mpaka leo nikiikumbuka, mwili unasisimka. Wale walikuwa wazee wangu. Nilikuwa nimewabeba kwenye sifa zangu.

Wazee wakasimamisha kosta, wakahamisha mizigo, wakaondoka na binamu. Mimi nikabaki kulinda gari mpaka fundi alipopanda kutoka Mombo kuja kunivuta. Posa ikapelekwa, mwenye posa yuko chini ya gari.

Nilichojifunza baadaye kinauma zaidi. Wale wa vile vigari vya RZR tuliokuwa tunawashangaa kwenye simu, wanaojua kazi hawaweki tairi tu. Vigari vile vinavutwa kwa mkanda badala ya gia kama zetu, na tairi likiwa zito mno mkanda unateleza, unapata moto, unaungua. Kwa hiyo mwenye akili akiongeza tairi anarekebisha na klachi, anaweka vyuma vya uzito tofauti na springi nyingine, na anaangalia kama tairi lina nafasi kona ikikatwa hadi mwisho na kigari kikizama kwenye shokapu. Sisi tuliona matairi kwa sababu ndiyo yanayoonekana. Mengine yote yako ndani.

Simkatazi mtu. Kama kazi yako ni ya matope na mawe, tairi kubwa ni msaada wa kweli. Ila lipe gari haki yake. Anza na klachi na breki. Nyanyua springi kabla hujakata bati. Lijaze gari watu na mizigo, ukate usukani kushoto na kulia hadi mwisho, usikilize. Ukishavaa, pima mwendo wako kwa simu ujue mshale unakudanganya kwa kiasi gani. Na kama huna pesa ya hayo yote, usivuke kama asilimia 3 juu ya kimo cha tairi la kiwandani. Mafundi wengi ndiyo kipimo chao.

Mimi niliyauza yale matairi pamoja na rimu zake, kwa hasara, usiniulize kiasi gani. Pesa iliyopatikana ikanunua klachi na breki. Nikatulia miezi miwili kisha nikachukua 215/75 R15, zina meno kidogo, zimezidi zile za zamani kwa asilimia 1 na nusu tu. Mshale unasema karibu na ukweli, shangazi anapanda bila kigoda. Gari liko fupi, ndiyo. Lakini Desemba ile ile lilipanda Lushoto na watu watano bila kusaga jino.

Mnataka kujua posa iliishaje? Mchumba wangu ndiye aliyenisimulia. Wazee walipofika peke yao na mizigo ikaingizwa ndani, baba mkwe akawaangalia mmoja mmoja, akauliza, "Na mkwe wetu yuko wapi?"

Baba mdogo akakohoa kidogo. "Yuko hapo chini njiani, mzee mwenzangu. Alivaa viatu vya baba yake, amebaki anavivua."

Nyumba nzima ikacheka, na posa ikapokelewa. Tukutane wiki ijayo, panapo majaliwa.